Jina la Baba Mkwe kwenye Fomu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Nina furaha inayonizuia hata kukaa chini, na nina hofu pia, naomba unijibu kabla ya Alhamisi. Ninaishi milimani nje ya jiji la Mbeya, mume wangu Aroni anachimba dhahabu Chunya, nami kwa miaka mitatu namuuguza baba yake aliyepooza miguu, na kwa mila yetu sisi Wanyakyusa mimi mkwe simtazami usoni wala silitamki jina lake, chakula namwekea mlangoni, kumwogesha na kumfikishia maneno yangu ni kazi ya jirani yetu Obeid. Juzi ofisa ustawi wa jamii alifika ofisi ya kata kuandikisha wazee wapate vitambulisho vya matibabu bila malipo, nikakimbia kama msichana, nikawa wa pili kwenye foleni, akaniuliza, "Mzee anaitwa nani?" nikajibu, "Baba yake Aroni," akauliza tena, nikajibu vilevile, watu wakacheka, "Huyu kamsahau mgonjwa wake!" nikarudi na fomu tupu, na ofisa atakuja tena Alhamisi.

Nikiwa uani namsimulia Obeid, baba akaniita kutoka ndani kwa jina la mwanangu, mara ya kwanza tangu niolewe: "Mama Samwel! Litaje jina langu! Nimekuruhusu mwenyewe. Nataka kutibiwa!" Nililia huku nacheka. Lakini wifi yangu Damari anasema, "Ukilitaja, umetuvua nguo ukoo mzima." Nifanyeje?

Tumpe

Tumpe,

Marahaba. Barua yako imeniinua kitini! Mwenye jina amekuruhusu. Damari anamlindia nani heshima hiyo? Heshima yako naisifu, ila haraka yako naikemea. Ungempa ofisa kitambulisho cha taifa cha mzee, angejisomea mwenyewe.

Leo mpigie Aroni simu. Amweleze dada yake maneno ya baba yao, kisha aje nyumbani amwogeshe babaye. Obeid si mtoto wa mzee huyo. Kitafute kitambulisho hicho, na kama hakipo, uliza parokiani cheti cha ubatizo, maana umri utaulizwa. Alhamisi wahi. Litaje jina kwa sauti, mara moja, inatosha. Usiondoke kabla ya kuuliza nani atakuja kumpima mzee nyumbani, na wewe unayemuuguza utasaidiwaje. Swali hilo la pili usilimeze kwa aibu. Miaka mitatu si mchezo.

Ukirudi, usimtume Obeid. Simama mlangoni wewe mwenyewe, umwambie: "Baba, umeandikwa."