Mikia ya Galaksi na Taa za Kiku

Jumatatu, 13 Aprili
Tak! Sauti ya swichi hiyo imenikaa kichwani toka utotoni. Saa nne usiku inajiwasha yenyewe, na taa za mabanda yote matatu ya plastiki ya Baba zinawaka kwa mkupuo. Maua ya kiku anayolima humo yanadanganywa kwamba usiku ni mfupi, yasichanue kabla ya Bon, sikukuu ya wafu ya Agosti, watu wanapoyapeleka makaburini. Leo imenikuta uani na darubini. Galaksi zangu mbili zinazoungana ndiyo kwanza zimepanda juu ya mabanda. Kwenye picha mioyo yao imetoka. Mikia mirefu ya nyota inayozifuata, hakuna — imemezwa na mwanga. Mimi naitaka mikia!

Jumatano, 15 Aprili
Nimemwonyesha Bibi picha. Akavaa miwani, akauliza katika hizo mbili nani anahamia kwa mwenzake. Hakuna, nikasema, zinakuwa kitu kimoja. Akacheka: basi hazina mama mkwe!
Baba nimemwomba azime taa usiku mmoja tu. Akajikuna kichwa. Mmoja maua yatavumilia, akasema, wa pili yataanza kutoa matumba. Nimepewa kesho, nikaahidi sitaomba mwingine.

Alhamisi, 16 Aprili
Mawingu. Mawingu matupu! Taa zimezimwa bure. Baba kanimenyea chungwa.

Ijumaa, 17 Aprili
Anga safi, jeusi, halina hata mwezi. Kesho narudi kazini Nagoya. Nikipata likizo tena, galaksi zitakuwa zimeshashuka. Baba yuko kwenye mkutano wa wakulima — yaani sake, pombe ya mchele. Kuzima taa siwezi. Nilimwahidi, na maua ndiyo yanatulisha.
Nimezunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu nikayaona mapazia meusi! Huwa tunayavuta Juni, kuyafupishia maua mchana ili yachanue. Kama yanazuia mwanga kuingia, si yatazuia na kutoka? Nikayavuta yote. Bibi akasema nikipitiwa na usingizi jua likayakuta yamefungwa, yeye hayumo.
Tak! Ndani taa, nje giza! Picha ya kwanza: uzi mwembamba wa kijivu. Mkia!
Simu. Baba, yuko barabara kuu kwenye gari la jirani. Anafoka kwamba mabanda yetu hayana taa, nikimbilie swichi, wanakuja! Nikamwambia taa zinawaka. Akauliza nimelewa mimi au yeye.
Wanakuja na mataa ya gari, na mwanga wake utaiharibu picha ya pili, bado haijaisha. Mnyororo wa kuzuia magari kwenye njia ya kwetu nimeshaufunga. Baba atatembea.