Kiti cha Kulia

Lagos,
9 Juni 1974

Kaka yangu Kehinde,

Salamu sana. Mimi sijambo, wasiwasi wangu ni nyinyi na goti la Mama. Limepungua kuvimba?

Nimefika. Huku Idumota watu wamejaa hata ukidondosha kofia haifiki chini. Nilisimama kidogo kushangaa, mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani akanifokea, "Wewe! Umeinunua hii barabara? Kashangae kwenu!" Watu wakanicheka, nami nikacheka nao. Jioni nikala maharage ya pilipili, nikaongeza, nikaongeza tena.

Bosi wangu, Bwana Oyelaran mpiga picha, ni mkali ila hana roho mbaya, na anasema ana nafasi ya mwanafunzi mmoja zaidi. Jana alikuja mama na binti yake, pacha aliyebaki. Mwenzake amekufa kwa surua. Bosi akampiga binti picha kwenye kiti cha kushoto, halafu cha kulia, akaziunganisha. Mama yule akaondoka na wanawe wote wawili kwenye karatasi. Nilijificha uani nikalia.

Mdogo wako,
Taiwo


Iseyin,
20 Juni 1974

Mdogo wangu Taiwo,

Sisi wazima. Goti la Mama limepoa, mdomo ndio bado. Asubuhi ananiita kwa jina lako, kisha ananikasirikia mimi.

Sasa tuseme la maana. Kama wazee wetu wasemavyo juu ya pacha, ulitangulia kuzaliwa kwa sababu mimi mkubwa nilikutuma uonje dunia. Ulipolia kwamba inalika, nikafuata. Lagos pia nimekutuma. Je, inalika? Bosi wako alisema ana nafasi ya mwanafunzi mmoja zaidi. Mzee Ganiyu naye anataka nijifunge kwake miaka mitano kwenye ufumaji, na hataki kuzungushwa. Ukisema njoo, nakuja. Ukisema usije, nabaki. Simuulizi mtu mwingine.

Mkubwa wako,
Kehinde


Lagos,
14 Julai 1974

Kaka Kehinde,

Salamu. Natumai hamjambo, mimi naendelea hivyo hivyo. Nisamehe kwa kuchelewa, ni kazi.

Usije. Mji huu haufai. Maji ya shida, wezi kila kona, chakula hakiliki. Na ile nafasi Bosi anasitasita. Baki na Mama, kubali kwa Mzee Ganiyu. Ufumaji ndio kazi ya heshima.

Mama nitamtumia bahasha yake yenye picha. Nimetupiga picha sisi wawili. Nilikaa kushoto, kisha nikahamia kulia, nikaziunganisha Bosi alipotoka. Wa kulia ni wewe. Umetoka vizuri.

Mdogo wako,
Taiwo


Iseyin,
2 Agosti 1974

Taiwo,

Tupo.

Barua yako ilitangulia. Nikaenda kwa Mzee Ganiyu siku hiyo hiyo, nikaapa mbele ya wafumaji wote. Wiki iliyofuata ikaja bahasha ya Mama.

Aliifungua mimi nikisonga amala. Akaona ni wewe kwenye viti vyote viwili, akaketi chini kwenye vumbi akauliza, "Kehinde amekufa lini?" Nikamwambia, "Mama, si huyu hapa, na mwiko mkononi?" Akanishika mashavu, akanishika mikono, akaniambia nitembee aone. Tangu siku hiyo nikienda kisimani ananifuata, na goti lile.

Picha ya namna ile hupigiwa wafu. Wewe mwenyewe uliniandikia.

Nimeitazama sana. Chakula hakiliki, lakini mashavu yamejaa. Viatu vinang'aa. Hata kucheka kwangu umekuiga. Nani ananidanganya, wewe au picha?

Kehinde


Lagos,
9 Agosti 1974

Kaka,

Sijui hata nimsalimie Mama vipi. Mwambie naomba radhi, nimepiga magoti.

Nilikudanganya. Lagos inalika, Kehinde, inalika mpaka unalamba vidole. Nafasi ilikuwepo. Nilimwambia Bosi kwamba hutaki, akamchukua mwingine.

Huku hakuna anayeniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Kwetu nikikosea tulichapwa wote, nikifanya vizuri tulisifiwa wote. Hapa nakosea peke yangu, Bosi ananitukana peke yangu, na ninafurahi kama mwendawazimu. Niliogopa ukija nitarudi kuwa nusu ya mtu. Halafu nikakaa kwenye kiti chako na kucheka. Kila nikiingia chumba cha picha nakiona kile kiti, najichukia.

Sema neno moja nirudi. Nitarudi hata kesho.

Mdogo wako asiyefaa,
Taiwo


Iseyin,
25 Agosti 1974

Mdogo wangu Taiwo,

Mama anakusalimu. Anasema kula, usikonde kwa ajili ya aibu.

Usirudi. Kiapo nimeshaapa, na mtambo wangu wa kufumia ni ule wa karibu na mlango, penye upepo. Nimekukasirikia na bado nitakukasirikia, usiniharakishe. Lakini si kwa sababu ya Lagos. Ungeniambia tu kwamba unataka kukaa peke yako, ningekuachia. Mimi si ndiye mkubwa?

Ile picha Mama hataki kuiona, na kuichoma anaogopa. Mzee Ganiyu amenipa ruhusa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nakuja, tunapiga picha moja, jioni nageuza. Mwambie Bosi wako aweke viti viwili. Wewe utakaa kushoto. Cha kulia usikikalie, hata kukijaribu, mpaka nifike.

Mkubwa wako,
Kehinde