Mjukuu wa Makaratasi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na paka wa jirani ameacha kulala kwenye kapu lako la nguo. Mimi mzima, nimekonda kidogo tu, kwa hiyo usianze kulalamika.

Kila ukipiga simu unamwulizia mjukuu wako, yaani kampuni yetu ya udobi, kabla hujaniuliza mimi. Kosa ni la wakili. Siku ile ya kuisajili alisema kampuni ni mtu mbele ya sheria, nawe ukamuuliza huyo mtu anakula nini. Tulicheka mpaka akavua miwani. Kumbe ulikuwa umeuliza la maana. Alianza kula kabla hajazaliwa: ada ya kuhifadhi jina, ada ya usajili, ya wakili, ya mhuri. Alipozaliwa akataka leseni, mhasibu, na ritani, ile taarifa ya hesabu, kila mwaka, hata mashine zikikaa bila kazi. Ukaniambia hujawahi kuona mtoto anayelishwa hivyo asinenepe, na kwamba ungeweka jina lako tu kwenye mkataba wa kuifulia hoteli, mambo yakaisha bila ada. Nilipokataa ukaninunia wiki nzima. Hata hivyo ada ya mwaka huu ulichangia wewe, ukisema mtoto hafukuzwi kwa ulafi.

Sasa kaa chini, Mama. Mwezi uliopita nilifua mapazia ya ukumbi wa hoteli, sufu tupu. Wewe ulinifundisha kuchovya pembe ya kitambaa kwanza kwenye maji baridi, kisha kusubiri nione kama kitanywea. Haraka haina baraka, najua. Niliiamini mashine. Mapazia yaliyokuwa yakifagia sakafu yakatoka yanafika magotini. Nilikaa juu ya kapu nikalia kwa kwikwi.

Hoteli ikadai fidia ambayo hatuna. Mwanasheria wao akaja kuuliza ile nyumba yenye bomba na kamba nyingi uani ni ya nani. Alikuwa ameshaipitia na kuitolea macho. Wakili wetu akamjibu kwa upole kwamba nyumba ni ya mama, mkataba ni wa kampuni, na deni ni la kampuni. Achukue vilivyo vya kampuni. Akamfungulia mafaili: kila ada imelipwa, kila ritani ipo. Yule bwana akafunga mkoba wake.

Wamechukua mashine zote. Kampuni inafungwa, na hata kuizika kuna ada. Sikuweza kukuambia kwenye simu, maana ungeniuliza kama mjukuu hajambo. Alikula sana, ni kweli. Lakini walipokuja kuichukua nyumba yako, yeye ndiye aliyesimama mlangoni.

Wasalimie majirani, na huyo paka pia. Jumamosi narudi nyumbani. Niachie kamba moja ya kuanikia, na safari hii nitachovya pembe kwanza.

Akupendaye,
Kitindamimba wako