Sukari Kwenye Pembe ya Kikwembe

Furaha, mujukuu wangu,

Hapa Kibabi tuko wazima, maharagi imekomaa, na babu yako anakohoa kidogo tu. Unauliza kama mwanamuke wa sindano ya insulini anaweza kuzaa. Mama yako nilimuzaa nikiwa na sindano ile ile.

Kuzaa kwenyewe kulienda vizuri. Lakini mama mukwe alikuwa amesikia sukari ni sumu kwangu, akaitoa yote mu nyumba, pamoja na asali. Tuliporudi kutoka hospitali nikajichoma kipimo cha wakati wa mimba. Nilisahau muganga alisema nikisha kuzaa kipungue. Nikaanza kutetemeka, jasho linanitoka.

"Sukari," nikasema.

"Hapana, binti yangu, itakuua," akajibu, ananipepea.

Babu yako njo alikimbilia shimo ambamo alizika ndizi ziive, za kasiksi, pombe ya kupokea mutoto. Akaniminyia moja mu kinywa.

Basi zaa, mujukuu, lakini fuata waganga, na umueleze mama mukwe wako mapema ni wakati gani sukari iko dawa. Wangu, kutoka siku ile, alifunga sukari kwenye pembe ya kikwembe chake, hata akienda kanisani.

Tulimuzika nayo.

Koko wako