Siku Tatu Angani

Jumanne, Rwamgasa. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua haishuki. Nimefungua duka, nimepanga mabuti ya wachimbaji mlangoni, ila sina hamu ya kuuza hata jozi moja.

Juzi tumemzika baba, Tinde. Wenzangu bado wako matangani. Mimi nimekimbia nikisingizia duka.

Ngoja niseme hapa nilichoshindwa kukisema nyumbani. Miaka minne iliyopita baba aliniuliza kwa nini kaka Masanja, anayeishi London, haji hata kutusalimia. Kaka alikuwa na sababu zake, nyingi ni uvivu tu. Nikamsitiri kaka. Nikamwambia baba ni mbali mno, ndege inakaa angani siku tatu.

Kilomita elfu saba na zaidi baba asingezielewa, lakini siku tatu alizielewa vizuri sana. Ujanani aliswaga ng'ombe kwa miguu hadi mnadani, siku tatu njiani, analala porini. Akaacha kulalamika. Wageni wakimuulizia mwanawe anajibu kwa fahari, "Huyo yuko siku tatu angani!" Nami nacheka pembeni. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mwezi uliopita miguu yake ikaanza kuvimba. Nilipokwenda kumwona nikatoa simu nimpigie kaka, baba akanishika mkono.

"Leka, mayu. Umtese mwenzio siku tatu angani kwa ajili ya miguu yangu?"

Aliniambia, acha, mama, nami nikaacha.

Ningeweza kumwambia palepale kwamba ni saa kumi tu angani, labda kumi na tano ukibadilisha ndege. Niliona aibu. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikaogopa kuonekana mwongo mbele ya baba yangu.

Alipofariki, kaka alipata habari asubuhi. Kesho yake jioni, jua halijazama, alikuwa amesimama uani na begi lake. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kwa nini sikumwita mapema. Nikampokea begi, akapita ndani.

Mama alimtazama, kisha akanigeukia. "Kabula, siku tatu zimeishaje?"

Nikamwambia siku hizi kuna ndege mpya, zinakwenda mbio.

Ndiyo, nilidanganya tena, na baba hata hajazikwa.

Mama akaamini. Akajifuta macho kwa khanga, akasema, "Ndege hizo zingewahi kidogo tu, baba yenu angemwona mwanawe."

Kesho nafunga duka, narudi Tinde kabla kaka hajaondoka, niwaambie wote wawili. Mama huenda atanisamehe. Kaka naye, akishamaliza kufoka.

Aliyestahili kuombwa msamaha ni baba, na siku ile nilipotoa simu alikuwa amenishika mkono.