Kakao ya Baba, Dengu ya Séphora

Pembeni ya Beni, 9 Juni 2024

Kwako Yaya Mbusa,

Jambo sana. Huko Butembo baridi inawaachilia kidogo? Sisi afya iko, Mungu anatuchunga.

Yaya, uisikie kwangu mbele batu hawajakuambia. Nilikata kakao ya Baba, ile yote inazunguka nyumba. Pale nilipanda pois chiche, ile dengu ya mudomo kama wa kifaranga. Inafika kwa magoti tu. Ndani ya kakao mutu anajificha mpaka anakugusa. Ndivyo waasi walimukuta jirani yetu, Mama Vagheni. Delphin, bwana yangu, alikubali. Na batoto wanapenda dengu na ndizi.

Mudogo wako,
Séphora

Butembo, 23 Juni

Séphora,

Jambo. Tuko wazima, muke wangu Julie tu anakohoa.

Ile miti Baba aliipanda tukiwa batoto. Ndiyo ilitusomesha. Unaikata juu ya chakula cha sufuria moja, bila kuniuliza? Donc, hapana kukanyaga tena mulango wangu.

Yaya wako,
Mbusa

Butembo, 15 Septemba

Mudogo wangu,

Sijui kama uko muzima wa kusoma hii. Redio inasema waasi waliingia kwenu, nyumba ziliungua. Simu yako haipitishi. Muke wangu hakuli. Andika, hata neno moja.

Yaya wako,
Mbusa

Beni, 20 Septemba

Yaya,

Jambo kwako na kwa Julie. Tumelala kanisani, mimi na batoto. Hakuna aliyeumia.

Nilikuwa ninang'oa dengu, mikono inaniwasha na maji yake makali. Nikainua kichwa, nikawaona waasi ng'ambo ya shamba, na panga. Walikuwa mbali bado. Nikaita batoto, tukakimbia. Hatukugeuka hata tuliposikia nyumba inaungua.

Camion ya Butembo ilitaka kutupakia. Sikupanda, juu ya neno lako la mulango. Na sasa siwezi: Delphin alikuwa kwa mama yake, ng'ambo ya muto. Hajafika. Sitoki Beni bila yeye.

Mudogo wako,
Séphora

Butembo, 21 Septemba

Mudogo wangu,

Leo sijui namna ya kukusalimia. Julie alisoma barua yako, akaniambia: "Ni wewe uliwafungia hawa batoto mulango."

Miti, hapana kuiongelea tena. Na sikuiti uje huku. Nashuka kesho asubui na blanketi na unga. Uniachie nafasi kwa mukeka. Tutamungojea Delphin pamoja.

Yaya wako,
Mbusa