Lori Lililopunguza Mwendo

Alhamisi, Voi

Bado yule mwendesha bodaboda ananisumbua. Wala si mtu mbaya.

Mghoi, mpwa wangu, haoni. Amemaliza mafunzo ya upishi, na Jumatatu anatarajiwa kuanza kazi katika hoteli iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Mwenye hoteli ana sharti moja: awe anakuja peke yake. Kwa hivyo leo Mghoi alikuwa ajaribu kuvuka mwenyewe, na mwalimu wake, Wakesho, alitangulia kwenye steji ya bodaboda kuwaomba vijana wasimshike mkono kumvusha, jinsi walivyozoea.

"Sasa mwalimu, tumwache agongwe?"

"Mwacheni asikilize."

Mghoi akasimama, akasikiliza, akanyoosha fimbo yake nyeupe, akavuka. Wakesho alipiga makofi. Mimi nilikuwa upande wa pili, nikamwona mmoja wa vijana wale wa bodaboda, nyuma ya kibanda, akimpungia mkono dereva wa lori asimame.



Baadaye Mghoi alinisindikiza hadi getini kwao. "Anti, lile lori lilipunguza mwendo mapema sana. Nani alilisimamisha?"

Nikamwambia.

Akacheka kidogo. "Nilijua tu. Basi kesho nitavuka alfajiri, kabla hawajafika steji. Usimwambie mwalimu."

Sikumwahidi. Wala sijampigia mwalimu simu, na namba yake ninayo. Msichana ana haki ya kujua kama anaweza. Lakini malori ya alfajiri huwa hayana breki ya huruma, na mimi ndiye niliyemwambia.

Nimeweka kengele ya kuniamsha alfajiri. Nitasimama mbali, kimya. Sijui kama nitauzuia mkono wangu usimpungie dereva.